Jedwali Langu na Makopo ya Shangazi

Siku daktari wa macho alipotaka kujua shangazi yangu anakunywa dawa gani za mitishamba, mimi nilifurahi. Najua si jambo la kutangaza. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha hospitali huku kichwa kinamzunguka, sukari yake imeshuka chini kuliko inavyofaa kwa mtu anayesubiri kutolewa mtoto wa jicho, na upasuaji wenyewe ndiyo kwanza ulikuwa umeahirishwa. Mtoto wa kaka mwenye akili timamu angesikitika. Mimi moyo ulinienda mbio kama wa kijana aliyejibiwa barua ya posa, kwa sababu nilikuwa na jedwali la mimea ya dawa kwenye kompyuta yangu, nililijaza kwa miezi mingi, na katika muda wote huo hakuna binadamu aliyewahi kuniuliza kuna nini ndani.

"Zote ninazo, daktari," nilisema. "Nimeziandika."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, lakini alikuwa na sauti ya mwalimu mkuu.

"Basi niletee. Kila kitu anachokunywa, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, tangu lini. Vidonge vyake vya kliniki ya sukari ni vilevile vya mwaka jana, haviwezi kumshusha namna hii ghafla. Mimi simkati mtu jicho wakati sijui kuna nini kingine tumboni mwake. Mkija na orodha inayoeleweka, tunaendelea. Bila hiyo tutabaki tunaangaliana tu."

"Mtaangaliana ninyi," Shangazi alisema. "Mimi hata hivyo sikuoni."

Kwa Shangazi jambo lilikuwa moja tu: kofia. Tangu kabla sijazaliwa alikuwa akishona kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kingine mpaka kitambaa kinakuwa kama sega la asali. Ukungu ulipoanza kumwingia machoni alipunguza maua, akaenda kwenye mishono mikubwa, kisha akaacha kabisa. Kofia ya mwisho ilikuwa imebaki nusu ndani ya mfuko wa kitambaa. Ilikuwa yangu, kwa kichwa changu ambacho yeye husema ni kikubwa bila sababu. Kila asubuhi aliitoa, akaipapasa kwa vidole vyote kumi, akairudisha. Hakuwa na haja ya kuona bahari wala televisheni. Alitaka kuona tundu la sindano.

Kwa hiyo tulirudi nyumbani, yeye akiwa na hasira na mimi nikiwa na furaha, tukapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Tunaishi Mchafukoge, juu ya duka la mabomba na masinki, katika nyumba ambayo lifti yake ilikufa kabla ya baba yangu. Niliwasha kompyuta kabla sijavua viatu. Nilitaka kuchapisha orodha siku ileile.

Hapo ndipo nilipolisoma jedwali langu kwa macho ya mtu mwingine.

Lilianza kama makala. Huwa naandika makala kwenye magazeti, kazi ambayo nilisomea chuo kikuu, na ambayo jamaa zangu huitaja pale tu ninaposhindwa kufungua kopo la nyanya. Nilitaka kuandika kuhusu rafu ya jikoni ya Shangazi, yenye makopo ya maziwa ya unga, chupa za jamu na madebe ya siagi, yote yamejaa uwatu, habasoda, mdalasini, mlonge, sanamaki, majani ya mstafeli, na magome ambayo hununuliwa Kariakoo yakiwa yamefungwa kwenye gazeti. Makala ikanishinda. Jedwali likabaki, nikawa naongeza mstari kila nilipoona kitu kipya, kwa raha ileile ya mtu anayekusanya stempu.

Sasa niliiambia kompyuta inionyeshe kila mmea ambao Shangazi hutumia majani yake. Ikaniletea mitatu. Nilijua iko zaidi ya kumi. Nikaenda kuangalia safu ya "Sehemu ya mmea" na kukuta nimeandika "majani", "jani", "majani mabichi", "jani likikauka", "sehemu ya kijani" na, kwa mchaichai, "zile nyasi zake". Chuo kilinifundisha kwamba mwandishi mzuri harudii neno. Nilikuwa nimejaza jedwali zima bila kurudia neno. Safu ya "Kiasi" ilikuwa mbaya zaidi: kidogo, kiasi, kiasi tu, kijiko, kijiko kisichofurika, kama kawaida yake, na mahali pamoja, siku ambayo bila shaka nilikuwa na njaa, nilikuwa nimeandika "ya kutosha".

Nilicheka peke yangu mpaka Shangazi akauliza nani amekuja. Jambo la ajabu ni kwamba sikukata tamaa. Nilipandwa na ari kama ya mtu aliyegundua kwamba nyumba yake ina chumba asichokijua. Niliona wazi kwamba jedwali ni kinyume cha makala. Linataka urudie neno lilelile, kwa herufi zilezile, leo na kesho na siku una mafua, na likikuta umejitia ufundi wa lugha linakuadhibu kwa kuficha mimea yako.

Nilianza upya. Safu ya sehemu ya mmea niliifunga isipokee maandishi yoyote. Ukibofya, inakushushia maneno ya kuchagua: mzizi, gome, jani, ua, tunda, mbegu, utomvu, mmea mzima. Basi. Nilipobofya mara ya kwanza na ile orodha ndogo ikashuka kwa adabu, nilibofya tena na tena bila kuchagua kitu, kwa starehe tu ya kuiona ikishuka. Safu ya jinsi ya kutayarisha nayo ikapata maneno yake: kuchemsha, kuloweka, kusaga, kutafuna. Safu ya kiasi ndiyo iliyonitoa jasho.

"Kijiko kimoja," Shangazi alisema.

"Kijiko gani?"

"Changu."

Kijiko chake ni kimoja duniani. Alikipata harusini kwake, kimepinda shingo, na ukingo wake umelika upande mmoja. Nilikibeba pamoja na uwatu na mdalasini nikateremka hadi kwa sonara wa mtaa wa pili, ambaye familia yake imekaa pale tangu mji ukiwa mdogo, nikamwomba anipimie kwenye mizani yake ya dhahabu.

"Hii karati ngapi?" aliuliza, akiangalia unga kwa uzito wa kazi yake.

"Ni uwatu."

"Nyumbani kwangu kuna gunia. Ningejua ni dhahabu ningeoa mapema."

Lakini alipima, tena kwa makini, akifuta kisahani kila mara kwa brashi ndogo. Nilirudi na gramu. Kwa unga mwingine wote niliona inatosha kukadiria, maana kijiko ni kilekile. Nilikuwa na gramu! Nilipanda zile ngazi kama mtu wa miaka ishirini, hadi ghorofa ya pili, ambapo umri wangu ulinikumbuka.

Magome yalikuwa na shida yake. Kuna moja Shangazi hulichemsha Jumatatu na Alhamisi, na hakuna aliyejua ni la mti gani. Nikaenda Kariakoo kwa muuzaji wake, kijana mwenye meza iliyojaa mizizi iliyofungwa kwa kamba za katani, upande wa nyuma wa soko ambako mikokoteni hupita ikikupigia miluzi.

"Shikamoo mzee. Leo nikupe nini?"

"Marahaba. Hili gome ni la mti gani?"

"La mti wa tumbo."

"Jina la mti."

"Ndiyo jina lake. Ukiumwa tumbo ni mti wa tumbo. Ukiumwa mgongo nenda kwa yule pale, yeye anauita wa mgongo."

"Unatoka mkoa gani?"

"Mzee wangu, unanunua au unahoji?"

Mama mmoja aliyekuwa akichagua mizizi pembeni alinitazama kuanzia viatu hadi miwani. "Huyo mtu wa kodi," alimwambia muuzaji. "Usimjibu. Wakishaanza na miti watamalizia na wewe."

Ilibidi ninunue gome la wiki nzima ili nithibitishe kwamba mimi si serikali. Kijana alilainika, akampigia simu aliyemletea mzigo, simu ikazunguka kwa watu wengine, wakabishana kwa sauti kubwa kuhusu mlima fulani, na mwisho jibu likarudi: hakuna anayejua kwa hakika. Nilimshukuru kwa dhati. Njiani, nikikwepa maboksi ya viatu na mafundi wa simu, nilikuwa nawaza jambo moja tu: nafasi tupu ndani ya jedwali ina maana gani? Inaweza kumaanisha sijauliza. Inaweza kumaanisha nimeuliza nikakosa jibu. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa, na mimi nilikuwa nimeziacha zote kwa weupe uleule. Nilipofika nyumbani niliongeza chaguo jipya kwenye kila safu: "haijulikani". Kuanzia siku ile hakuna mstari ulioruhusiwa kuwa na pengo. Ama unajua, ama unakiri kwamba umeuliza na hujui.

Shangazi aliposikia alisema, "Sasa umelipa Kariakoo nauli na gome ili uandike kwamba hujui?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ungeniuliza mimi ningekwambia bure kwamba hujui."

Kati ya mambo yote ya jedwali la zamani kulikuwa na moja nililoliacha bila kuligusa, kwa kuwa ndilo pekee nililokuwa nimelifanya kwa utaratibu tangu mwanzo: namba za makopo. Nilikuwa nimelipatia kila kopo la rafuni namba yake, kwenye stika ngumu ya plastiki, ya aina isiyotoka kwa maji wala kwa kukwanguliwa. Moja ni habasoda, mbili uwatu, saba mlonge, na kuendelea. Jedwali zima lilisimama juu ya namba hizo. Nilizionea fahari. Wageni wakija nilitafuta sababu ya kuwapitisha jikoni.

Nilichapisha orodha kwenye duka la steshenari la mtaa wa Gerezani, karatasi tatu safi, mistari imenyooka kama reli. Kesho yake ilikuwa siku ya kurudi kwa daktari. Alasiri hiyo Shangazi alikuwa mezani na kikombe chake cha maji ya moto, na kwa kuwa nilikuwa nimefurahi kupita kiasi nilijitolea kumchotea mwenyewe.

"Nipe mlonge," alisema. "Ile saba."

Nilifungua kopo namba saba. Kwa kawaida huchota yeye kwa kupapasa. Mimi kazi yangu ilikuwa stika. Nikatazama ndani, nikaenda nalo dirishani kwenye mwanga, nikatazama tena.

"Shangazi, hii siyo mlonge."

"Ni namba ngapi?"

"Saba."

"Saba ni mlonge. Si umeandika wewe?"

"Unga wa mlonge ni kijani. Huu ni kahawia."

"Baba, mimi kwangu vyote ni moshi."

"Na ladha?"

Alifikiri. "Mchungu, siku hizi. Mchungu kwelikweli. Nikasema alhamdulillahi, safari hii wameniuzia uliokomaa."

Nililibeba kopo hadi mlango wa pili. Pale anaishi jirani yetu, mama wa Kihindu ambaye aliolewa kwenye jengo hili na hajawahi kuhama, rafiki wa Shangazi kiasi kwamba wakigombana jengo zima hukosa usingizi. Alikuwa anakunja nguo. Alipoliona kopo alitabasamu.

"Umeisha tayari? Nikuongezee?"

"Mama, hili kopo lilifikaje kwako?"

"Dada alinitumia mlonge. Nimeutumia, nimemaliza, nimeosha kopo, nimelianika. Halafu nikarudisha." Alinitazama kama vile mimi ndiye ninayehitaji daktari. "Sasa ulitaka nirudishe tupu? Kwani mimi mtu wa wapi?"

Hilo sikuweza kubishana nalo. Katika jengo letu hakuna chombo kinachorudi kitupu. Ukipelekewa sahani ya mkate wa kumimina, inarudi na maandazi au japo ndimu tatu. Bakuli la pilau hurudi na chevda, vile vitafunio vya Kihindi. Mtu akirudisha sahani nyeupe imeoshwa, haina kitu, kesho yake watu wanaulizana kimetokea nini baina yao. Nimekulia ndani ya desturi hiyo. Nimetumwa na sahani hizo tangu naanza kutembea. Na bado nilikuwa nimekaa na digrii yangu nikabandika namba kwenye makopo, kana kwamba katika nyumba hii kopo ni kitu kinachokaa mahali pamoja.

"Ulitia nini?" nilimuuliza.

"Dawa ya sukari ya kwetu. Mbegu za zambarau, karela kavu, yale matango machungu, na uwatu, vimesagwa pamoja. Dada ana sukari, mimi nimtie biskuti?"

"Na hukumwambia?"

"Nilikupa wewe mlangoni! Dada alikuwa anaswali. Nikakwambia, mpe Dada, mwambie ni ile ya sukari. Wewe ukasema, 'Ahaa, saba!' ukaondoka nalo umefurahi." Akakunja taulo. "Na nililiosha taratibu sana namba isitoke. Niliona umeibandika kwa mapenzi."

Nilikumbuka. Nilikumbuka jinsi nilivyoipokea ile saba kama mtoto aliyepotea, nikaiweka kati ya sita na nane, nikarudi nyuma hatua moja nikaitazama rafu ikiwa imetimia.

Tulirudi wote wawili jikoni kwetu, na hapo ndipo mambo yalipochangamka. Nilimsomea Shangazi namba moja baada ya nyingine, naye akawa anakumbuka safari za kila kopo.

"Nne?"

"Nne alichukua mke wa mwenye duka la vitambaa, yule Mwarabu wa ghorofa ya juu. Likarudi na kitu kinachonukia. Nikadhani ndiyo ileile."

"Tisa?"

"Tisa liko Gerezani kwa binamu yako."

"Shangazi, tisa hili hapa mkononi mwangu."

"Basi hilo ni la nani?"

Jirani alikaa kwenye stuli akicheka hadi machozi. "Dada, wewe hujui unakunywa nini tangu Ramadhani!"

"Nakunywa nilichopewa na watu wanaonipenda," Shangazi alijibu kwa heshima zote. "Wewe ulitaka nichunguze?"

Ningepaswa kuwa na hofu, na kidogo nilikuwa nayo; kesho ilikuwa karibu, na karatasi zangu tatu safi zilikuwa hadithi ya kubuni. Kama ningezifikisha kwa daktari angekata jicho akiamini mgonjwa anakunywa mlonge. Lakini chini ya hofu, nitasema kweli, kulikuwa na shangwe. Nilikuwa nimeliona kosa. Siyo la maneno wala la vijiko. Nilikuwa nimekosea kitu chenyewe ninachokiandika. Mwanzo nilidhani mstari mmoja wa jedwali ni mmea mmoja. Kisha nikafanya mstari mmoja ni kopo moja. Vyote viwili havikuwa sawa, kwa sababu Shangazi hanywi mmea wala hanywi kopo. Anakunywa kilichoingia mlangoni siku fulani, kutoka kwa mtu fulani. Mstari mmoja uwe ujio mmoja! Niliitamka kwa sauti, nikapiga meza, maji ya moto yakamwagika.

"Amepata nini?" jirani aliuliza.

"Mwache," Shangazi alisema. "Hivi ndivyo alivyokuwa hata alipojifunza kuendesha baiskeli."

Nililivunja jedwali na kulijenga tena palepale kwenye meza ya jikoni, wao wakinijazia. Kila kitu kinapoingia nyumbani kinafunguliwa mstari: kimeingia lini, kimo nini ndani, kimetoka kwa nani. Kikiisha, au kopo likitoka, mstari unafungwa kwa tarehe, na kopo likirudi lina mstari mpya hata kama ni kopo lilelile. Safu ya "Kimetoka kwa nani" sikuifunga kwa maneno ya kuchagua, maana watu wanaompenda Shangazi hawamalizi kuongezeka.

Stika nazo nikazing'oa zote, kwa kisu na mafuta ya taa, huku nikijilaani kwa kununua zile zisizotoka. Mahali pake nikaweka vipande vya karatasi ya kawaida vilivyogandishwa kwa gundi ya unga wa ngano, ile tuliyotengenezea tiara utotoni. Gundi hiyo ikilowa inaachia. Kopo likienda kwa jirani na kuoshwa, karatasi inakwenda na maji, na kopo linarudi bila jina. Kopo lisilo na jina litanilazimisha kuuliza. Lile lenye jina la uongo lilikuwa limenifanya nifurahi tu.

Jirani alipiga simu juu, Shangazi akapiga Gerezani. Tukapata majibu ya makopo mengi. Mengine, baada ya mjadala mkali, tukaandika "haijulikani". Orodha mpya ilikuwa na mikato na maneno ya pembeni kwa kalamu. Haikupendeza hata kidogo. Niliifunika kwa mikono kama mtu anayelinda hundi.

Daktari aliisoma, kalamu yake ikishuka pole pole. Nilimweleza kuhusu kijiko kilichopinda na mizani ya sonara kabla hajauliza. Alipofika kwenye zile "haijulikani" nilianza kujitetea.

"Hapana, hizi ndizo nilizokuwa nazitaka," alisema. "Wengi huniambia kila kitu wanakijua." Kalamu ilikwenda kwenye ujio wa zambarau na karela, ikasimama. "Hii ilianza lini? Kabla hamjaja mara ya kwanza?"

"Wiki moja hivi kabla."

"Na anakunywa pamoja na vidonge vya kliniki." Akaizungushia duara. "Sisemi ni mbaya. Nasema ni ya sukari juu ya dawa ya sukari, na hakuna aliyejua. Hii isimame. Na zisizojulikana zisimame. Kliniki nitawapelekea nakala. Apime kila asubuhi, mrudi baada ya wiki mbili. Sukari ikitulia, namfanyia jicho."

"Na zile nyingine?" Shangazi aliuliza.

"Hizo tutaziongea. Lakini kisiingie kitu kipya, Mama. Chochote."

Hapo Shangazi akaitikia shingo upande, na nilijua kwa nini. Ilikuwa rahisi kuacha unga. Ilikuwa vigumu kumwambia mtu aliyekuoshea kopo na kukujazia kwamba, kwa wiki mbili, asikutilie kitu. Njia nzima ya kurudi aliushika ule mfuko wa kofia mapajani.

"Nikimkataza atadhani nimemkasirikia," alisema. "Nikimwacha atanijazia. Hajui kurudisha kitupu. Na mimi sitaki awe anajua."

Jirani alikuwa anatusubiri kwenye ngazi. Macho yalikuwa mekundu. Kicheko cha jana kilipomwisha, usiku kucha alikuwa amejihesabu kuwa muuaji kwa ile dawa yake.

"Dada, nilitaka kukusaidia. Sikutaka kukuangusha."

"Hujaniangusha. Mimi niliangushwa na huyu na saba yake." Shangazi alimtafuta mkono akaupata. "Ila daktari kasema nisimeze kitu cha mtu kwa wiki mbili. Cha mtu yeyote. Hata changu kanipunguzia."

 Jirani akaingia jikoni kwetu bila kukaribishwa, akachukua kopo lililokuwa namba saba, akamwaga unga wake, akaliosha, akaondoka nalo kwapani bila hata kutuaga.

Wiki mbili hizo nilipima sukari ya Shangazi kila asubuhi na kuiandika. Ilipanda kidogo, ikatulia, ikakaa pale ilipotakiwa. Nilikuwa naitangaza kama matokeo ya mpira. Kwenye jedwali hapakuingia mstari hata mmoja, na sijawahi kufurahia ukurasa usioongezeka namna ile. Daktari aliangalia namba, akaangalia orodha, akasema, "Haya, Mama, twende."

Bandeji ilipotoka, kitu cha kwanza Shangazi alichokiona vizuri kilikuwa mimi.

"Kumbe umezeeka hivi," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

Jioni ya siku hiyo jirani aligonga. Alikuwa na kopo letu, lile lililokuwa namba saba. Nilinyoosha mkono kulipokea, akanipita kama mlango ulioachwa wazi, akaenda kulitua mbele ya Shangazi mwenyewe.

"Fungua," alisema. "Halimezwi."

Ndani kulikuwa na uzi. Vidonge vya uzi wa kofia, mweupe, wa maziwa, wa dhahabu iliyopoa, vimepangwa duara kwa duara hadi juu, na katikati kijaluba cha sindano. Alikuwa amezunguka Kariakoo nzima kutafuta ule wa zamani, usiochujuka, kwa wiki mbili ambazo mimi nilidhani amenuna. Shangazi alitoa kidonge kimoja, akakisogeza kwenye taa. Akavuta ncha, akailowanisha kwa ulimi, akainua sindano.  Uzi ukapita mara ya kwanza.

 Shangazi alifungua mfuko, akatoa nusu ya kofia yangu, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufumua mistari miwili ya mwisho, ile aliyoshona kwa kupapasa, huku akiguna kwa aibu ya fundi.

Mimi nikaenda kwenye kompyuta, maana kilichoingia mlangoni lazima kifunguliwe mstari. Mmea: pamba. Sehemu: nilitafuta kwenye maneno yangu, mzizi, gome, jani, ua, nikaona hakuna linalofaa, nikaongeza moja, "uzi". Kutayarisha: kutunga. Kiasi: kopo zima. Kimetoka kwa nani: jirani wa mlango wa pili. Kwenye tarehe ya kuisha niliacha wazi kwanza, kisha nikaikumbuka sheria yangu mwenyewe, nikachagua "haijulikani".

"Baba," Shangazi aliita kutoka jikoni, bila kubandua macho kwenye sindano, "hilo kopo likienda tena kwake, tunalitia nini?"